Kuku wa Mama na Mafuta ya Mjane

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Ndugu wapenzi katika Kristo,

 

Katika ibada za mavuno za parishi zetu za kati ya nchi, huku Dodoma na Singida, kuku hawakosekani. Wengine huletwa wamefungwa miguu, wengine wamo vikapuni, na mayai huletwa katika bakuli lenye pumba yasije yakavunjika. Baada ya ibada, mzee wa kanisa husimama nje chini ya mti na kuwanadi. Tetea mmoja hununuliwa, hurudishwa kuwa sadaka, hununuliwa mara ya pili, na watu hushangilia. Kisha fedha zahesabiwa na kuandikwa kitabuni.

Je, kuku yule alifugwa na nani? Mara nyingi alifugwa na mama. Ndiye aliyeamka alfajiri kumfungulia, ndiye aliyemnyima mwewe kifaranga, ndiye aliyemmwagia pumba na kumtilia maji katika kigae. Jambo likizoeleka huwa halionekani tena, hata liwe kubwa. Mwezi huu twapenda kuitazama kazi hii ya akina mama katika mwanga wa Neno la Mungu, maana ndani yake kuna riziki ya nyumba nyingi, na pia kuna dhuluma ambayo yafaa isemwe wazi kanisani.

HABARI YA MJANE

Twasoma habari ya mwanamke mmoja, mke wa mmoja wa wana wa manabii. Mumewe alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa akaacha deni. Mdai akaja, akataka kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Mwanamke akamlilia nabii Elisha. Nabii hakutoa fedha mfukoni mwake, wala hakumpeleka kwa tajiri. Alimwuliza ana nini nyumbani. Akajibu kwamba hana kitu ila mafuta kidogo.

Hayo mafuta kidogo ndiyo Mungu aliyoyatumia. Nabii akamwagiza aazime vyombo vitupu kwa majirani zake wote, tena visiwe vichache. Akajifungia ndani na wanawe, akamimina, mafuta yakajaza vyombo vyote. Aliporudi kumweleza nabii, aliambiwa mambo matatu: auze mafuta, alipe deni lake, naye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki.

Twaomba mlishike somo hili katika sehemu zake nne, maana ndizo tutakazozifuata.

KWANZA: KILICHOMO NYUMBANI

Yule mjane aliyaona mafuta yake kuwa si kitu. Hata akina mama wengi, ukiwauliza wana mali gani, hujibu kuwa hawana kitu. Ng'ombe ni wa baba, shamba ni la ukoo, nyumba ni ya mume. Kisha unaona kuku wanane wakichakura nyuma ya jiko. Hao si kitu?

Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue mama mwenye matetea watano wa kienyeji na jogoo mmoja. Tetea wa kienyeji hutaga mayai kama 12, huyaatamia siku 21, na tuseme vifaranga 10 waangua. Akiwaachia wazurure tangu siku ya kwanza, mwewe achukua wake, kicheche wake, mvua na baridi wao, na baada ya miezi miwili wamebaki labda watatu. Tetea akiangua mara tatu kwa mwaka, matetea watano watampa mama huyo kuku 45. Lakini akiwafungia vifaranga chini ya tenga au katika banda dogo kwa majuma ya kwanza, akawapa maji safi na chakula, akawalaza pakavu, huenda wakabaki saba. Hapo matetea wale wale watano watampa kuku 105. Tofauti ni kuku 60, bila kununua tetea mwingine hata mmoja.

Hesabu hii ni ya mfano, na kila nyumba itakuwa na yake. Lakini yatuonyesha kuwa baraka ya mwanzo haitoki mbali. Banda la miti na udongo lililoinuliwa juu ya ardhi, mlango unaofungwa jioni, pumba za mtama, mashudu ya alizeti, majani mabichi, mchwa wa kuchimbua: hivi vyote viko vijijini mwetu. Mungu wetu hupenda kuanza na kile kilichomo nyumbani.

Wala tusidhani kuwa kazi hii ni duni mno kutajwa madhabahuni. Bwana wetu alipoulilia mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mbawa zake (Luka 13:34). Angeweza kujifananisha na simba au na tai. Alichagua kitu ambacho kila mama amekiona uani kwake kivuli cha mwewe kinapopita.

PILI: VYOMBO VYA MAJIRANI

Mafuta yalikuwa ya mjane, lakini vyombo vilikuwa vya majirani. Kama majirani wangemnyima vyombo, mafuta yangekoma mapema. Tena twaona kuwa mafuta yalikoma pale pale vyombo vilipokwisha.

Wafugaji wa kuku wanalijua fumbo hili kwa sababu ya kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu ukiingia kijijini, hasa wakati wa kiangazi, kuku huzubaa, huharisha kijani, hupumua kwa shida, wengine hupinda shingo. Katika siku chache banda laweza kubaki tupu, na mama aliyelala ana kuku 30 aamka hana kitu. Kideri hakina dawa ya kutibu. Kina chanjo tu, na chanjo hutangulia ugonjwa.

Iko chanjo ya matone iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, na ambayo sasa hutengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo hufika hata vijiji visivyo na umeme, ingawa bado yapasa ifunikwe na jua na kuwekwa penye ubaridi. Kuku hupewa tone moja tu jichoni, awe jogoo au kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huhitaji kama majuma mawili kukomaa, hivyo hakuna faida ya kukimbilia chanjo wakati kuku wamekwisha kuanza kuanguka.

Sasa angalieni hekima iliyomo. Kichupa kimoja hutosha kuku mia na zaidi, na kikishafunguliwa hakiwekwi. Mama mwenye kuku wanane hawezi kukimaliza. Akinunua peke yake, amemwaga fedha. Akiungana na majirani kumi na wawili, kila mmoja atoa fedha kidogo, na kuku wote wa kitongoji wachanjwa siku moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kuchukuliana mizigo (Wagalatia 6:2), na sisi twasema kwamba siku ya chanjo ni siku ya kulitii neno hilo. Wala jirani Mwislamu asiachwe, wala jirani asiyesali kabisa. Kuku hawana dhehebu, na kideri hakiulizi mtu anasali wapi.

Hapa pana dhambi moja ya kuonywa. Kuku wakianza kuugua, wako wanaowakamata upesi na kuwapeleka mnadani kabla hawajafa. Huko ni kumuuzia mwenzako msiba. Kuku yule huenda akaingia katika banda la mjane wa kijiji cha pili na kulimaliza lote. Mkristo hawezi kufanya hivyo kisha akaja Mezani pa Bwana na moyo mweupe. Kuku waliokufa wachomwe au wafukiwe chini sana, na wagonjwa wasitoke nyumbani.

Umoja wa Akina Mama, ambao Mama Mary Sumner aliuanzisha Uingereza mwaka 1876 akiwakusanya akina mama matajiri kwa maskini, una nafasi njema katika jambo hili. Tayari mnakutana kwa sala. Mkiisha kusali, wekeni siku za chanjo za mwaka mzima, chagueni mmoja wa kwenda kwa afisa mifugo, na andikeni jina la kila nyumba.

TATU: KUUZA

Nabii alimwambia mjane auze. Hakusema agawe bure, wala hakusema asubiri mnunuzi amhurumie. Kuuza kwa haki ni sehemu ya kumtii Mungu.

Mnajua wenyewe ilivyo. Mchuuzi hufika na baiskeli au pikipiki yenye tenga nyuma. Hufika saa ambayo mama ana shida: mtoto ana homa, au mwalimu amedai fedha za chakula cha shule. Mama huuza kwa bei anayotajiwa. Kuku yule hupakiwa basini kwenda Dar es Salaam, ambako kuku wa Singida wana sifa kubwa, na bei yake huko mama haijui. Hatumlaumu kila mchuuzi, maana naye ana gharama na taabu za njiani. Lakini mtu auzaye kwa shida, tena peke yake, hana sauti.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kuuza pamoja. Nyumba 10 zikikubaliana siku moja na bei moja, mchuuzi atakuja kwao kwa heshima, maana tenga lake litajaa mahali pamoja. Ya pili ni kupanga nyakati. Kuku wengi hutakiwa Krismasi, Pasaka na Idi. Mayai yakiatamiwa mwanzoni mwa Juni, vifaranga waangua mwishoni mwa mwezi huo, na Krismasi itawakuta majogoo wa miezi sita. Mwenye kufuga kwa kalenda huuza kwa kupenda kwake. Asiye na kalenda huuzishwa na shida.

Tena iwepo daftari. Watu husema mali bila daftari huisha bila habari, nao wasema kweli. Andikeni waliototolewa, waliokufa, waliouzwa, walioliwa, na gharama za chanjo na chakula. Kama mama hakusoma, mtoto wa darasa la tano aweza kumwandikia jioni, naye ajifunze hesabu humo humo.

NNE: KULIPA DENI NA KUISHI

Tumefika penye uzito. Sikilizeni vizuri nabii alimwambia nani. Alimwambia yule mwanamke mwenyewe: uza, lipa, mwishi. Hakuwaita wazee wa mji wazipokee fedha kwa niaba yake. Hakumwita shemeji yake. Wala yeye nabii hakuomba fungu lake.

Katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume. Kuku anapochakura ni wa mama. Anapougua ni wa mama. Anapotakiwa kufukuziwa mwewe ni wa mama. Siku anapogeuka kuwa fedha, ghafla ni wa baba. Mama hukuta kuku wamepungua, akiuliza huambiwa kuwa aliye kichwa cha nyumba haulizwi. Fedha za sare ya mtoto zimeishia kilabuni. Mama huyo atavunjika moyo. Mwaka wa pili hatajenga banda, wala hatachangia chanjo, kwa sababu ya nini anenepeshe kitu ambacho hatakila?

Akina baba, twasema nanyi kwa upendo. Mtume aliposema kwamba mume ni kichwa cha mke, alimtolea mfano Kristo, aliyejitoa nafsi yake kwa ajili ya Kanisa (Waefeso 5:23–25). Kristo hakulinyang'anya Kanisa kapu lake. Kichwa kina macho ya kuona hatari na masikio ya kusikia kilio. Kichwa kinachoupora mkono wake chenyewe chakula kimekwisha kurukwa na akili.

Hata sheria ya nchi imeliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Ingekuwa aibu kama mahakama ingeiona jasho la mama na Kanisa lisiione.

Wako watakaosema kwamba mama akishika fedha atakuwa na kiburi, na nyumba itavunjika. Twajibu: someni tena Mithali 31. Mke mwema anayesifiwa pale hutengeneza bidhaa, huuza, hununua shamba, hupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, naye huwanyoshea maskini mkono. Mumewe hapungukiwi heshima. Aketi langoni pamoja na wazee, na watu wamjua. Kinachovunja nyumba ni siri na unyang'anyi. Kwa hiyo akina mama nanyi msifiche. Fungueni daftari mbele ya waume zenu, semeni zimeingia ngapi na zitatumikaje, nao waume waseme habari za ng'ombe na mazao vivyo hivyo. Palipo na daftari lililo wazi pana amani.

Kumbukeni pia kuwa nabii alitaja deni kabla ya chakula. Ijapokuwa ada ya shule za sekondari za Serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu mwaka 2016, sare, madaftari na chakula cha shule bado ni mzigo, na wengi huingia madeni ya riba kubwa. Vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, vimewasaidia wengi. Utaratibu huo wa sanduku ulianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, na sasa uko karibu katika kila wilaya yetu. Kikundi kisajiliwe, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka hivyo. Kikundi cha akina mama kilichosajiliwa chaweza pia kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Lakini mkopo ni deni. Asiyeweza kutunza kuku 10 asikope kwa ajili ya kuku 200.

Kisha nabii akasema waishi, yeye na wanawe. Maana yake wale pia. Si kila yai liende sokoni. Kuna mila katika sehemu nyingine zinazomkataza mama mjamzito au mtoto kula mayai. Mila hizo tuziache. Mtoto apate yai, na mama mwenye mimba apate yai, maana Mungu hakuviumba vyakula vyema kwa ajili ya wenye masharubu tu.

NENO KWA WAGENI

Ukarimu ni sifa yetu, na mgeni akifika kuku huchinjwa. Lakini mtumishi wa Mungu akitembelea nyumba ya mjane mwenye kuku watatu, amshukuru na kumwomba ampikie mboga za majani. Bwana aliwaonya wale walao nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Marko 12:40). Yafaa onyo hilo likumbukwe kabla jogoo hajakamatwa.

Tena parishi yaweza kufanya zaidi ya kutokula. Katika mavuno yajayo, matetea watakaoletwa sadaka wasinadiwe wote. Watengwe wachache, wachanjwe, wapewe wajane na mabinti wanaolea wadogo zao baada ya wazazi kufariki. Atakayepewa tetea mmoja na kufanikiwa, naye arudishe vifaranga wawili waliokua, wapewe mwingine. Hivyo vyombo haviishi, na mafuta hayakomi.

Basi, akina mama, msiseme tena kwamba hamna kitu. Akina baba, jengeni banda, na mkiisha kulijenga acheni fedha zake mkononi mwa aliyelitunza. Vijana, msaidieni mama kuandika daftari. Na sisi sote tuwe majirani wenye vyombo.

TUOMBE

Ee Mungu Baba, uliyemsikia mjane katika deni lake, wasikie akina mama wa vijiji vyetu. Bariki kazi ya mikono yao, mabanda yao na watoto wao. Utuondolee choyo majumbani mwetu, utupe haki katika kuuza na kununua, na utufanye tubebeane mizigo. Utukusanye chini ya mbawa zako saa ya hatari, hata tutakapofika kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Sisi ndugu zenu katika kazi ya Bwana,
Wachungaji na Wazee wa Parishi